Wasia kwa Marafiki Wanaokusudia Kupanda Kilimanjaro

Hapana mwaka upitao katika miji yetu, Dar es Salaam na Tanga, Arusha na Mombasa, pasipo kundi fulani la marafiki, waliosoma pamoja au wafanyao kazi pamoja, kukata shauri la kupanda Mlima Kilimanjaro. Na aghalabu shauri hilo hukatwa baada ya chakula, nyoyo zikiwa zimechangamka, kila mmoja akiwa na shauku ya kusimama penye kilele cha Uhuru, mita 5,895 juu ya usawa wa bahari, mahali palipo juu kuliko pote barani Afrika. Shauku hiyo ni njema, na mimi ni miongoni mwa wanaotamani iwaingie wengi zaidi, kwa kuwa ni jambo la kusikitisha mlima ulioko kwetu ujulikane zaidi kwa nyayo za wageni waliovuka bahari kuliko kwa nyayo za wana wa nchi. Walakini matayarisho ya makundi mengi huanzia katika viatu na makoti, yakaishia katika picha zitakazopigwa kileleni, na katikati hapo husahauliwa jambo lililo kubwa kuliko yote, nalo ni mapatano ya wasafiri wao kwa wao. Nitasema juu ya viatu, dawa, chakula na njia, maana kila kimoja kina mahali pake. Ila nitasema kwanza na mwisho juu ya mapatano, kwa kuwa kundi lisilopatana likiwa chini, limeshiba na kustarehe, haliwezi kupatana likiwa juu, ambako kila mtu ana baridi, usingizi na maumivu ya kichwa.

Jambo la kwanza ni kuchagua wenzi. Waarabu wana msemo kwamba mtu hutafuta rafiki kabla ya kutafuta njia, na hekima ya msemo huo hudhihirika mlimani kuliko mahali pengi, kwa sababu rafiki wa barazani, ambaye mazungumzo yake huwapendeza watu hata usiku wa manane, si lazima awe rafiki wa siku saba katika hema lenye unyevu. Mtazameni mtu namna awavyo akikosa usingizi, akichelewa kula, au akikatazwa jambo na mtu aliye mdogo kwake kwa umri lakini mkubwa kwake kwa maarifa. Sheria ya hifadhi hairuhusu mtu kupanda pasipo kiongozi mwenye leseni, na kiongozi huyo, yamkini kijana wa Marangu au Machame aliye rika moja na kitinda mimba wa kwenu, ndiye atakayekuwa na neno la mwisho juu ya nani aendelee na nani ashuke. Kwa hiyo mwenye kiburi cha cheo au cha mali, asiyeweza kutii amri ya kijana huyo mbele ya wenzake, ni hatari kwa nafsi yake na kwa kundi zima. Idadi nayo haifai kupuuzwa. Watu wanne hata wanane huweza kujuana afya na tabia, na kila mmoja akapewa mwenzi mmoja wa kumwangalia asubuhi na jioni. Wakizidi hapo afadhali wagawanywe mafungu mawili, kila fungu na kiongozi wake.

Fedha zizungumzwe mapema na kwa uwazi, maana urafiki mwingi umeharibiwa na mchango uliokusanywa bila masharti. Patanieni nani atakuwa mtunza hazina, mwenye kujitoa siku za mwisho atarudishiwa nini na atapoteza nini, na kiasi gani kitawekwa kando kwa ajili ya dharura. Raia wa nchi za Afrika Mashariki hulipa ada ya hifadhi iliyo ndogo mno ikilinganishwa na ile walipayo wageni. Nasaha yangu ni kwamba unafuu huo utumiwe kununua siku moja zaidi mlimani, wala msijaribu kuuongeza kwa kupunguza siku za safari, kwa sababu siku iliyopunguzwa ndiyo aghalabu humnyima mtu kilele, na pengine huidhuru afya yake.

Ili msomaji aelewe kwa nini siku moja ina thamani kubwa namna hiyo, yapasa afahamu kwanza mlima humfanyia mtu jambo gani. Hewa ya kileleni ina fungu lile lile la oksijeni lililomo katika hewa ya Lamu au Bagamoyo, yaani takribani sehemu 21 katika kila 100. Kinachopungua ni kanieneo ya hewa yenyewe, ambayo hulegea kadiri mtu apandavyo, hata afikapo Uhuru huwa imebaki karibu nusu ya ile ya pwani, na kila pumzi avutayo humpatia karibu nusu tu ya oksijeni aliyoizoea. Mwili, kwa hekima ya uumbaji wake, haukubali kushindwa mara moja: huongeza kasi ya pumzi na ya mapigo ya moyo, figo hutoa mkojo mwingi zaidi ili kurekebisha mizani ya damu, na baadaye chembe nyekundu za damu huzidi. Lakini kazi hiyo huhitaji siku, na hapana nguvu ya misuli, wala ujana, wala ushujaa uwezao kuifupisha. Wali uliopikwa kwa moto mkali huungua chini na kubaki mbichi juu, na mwili unaoharakishwa mlimani haupati matokeo yaliyo bora kuliko hayo. Ndiyo maana mara nyingi kijana mwenye mazoezi ya kandanda, aliyetangulia wenzake siku mbili za mwanzo, huanguka siku ya tatu, ilhali mwalimu mwenye umri wa makamo, aliyekuwa nyuma siku zote kwa mwendo wa taratibu, huzidi kupanda.

Kanuni wanayoifuata matabibu wa milimani ni kwamba mtu akishapita mita 3,000 asiongeze mahali pake pa kulala kwa zaidi ya mita 500 kwa siku, na kila baada ya siku tatu au nne alale tena pale pale alipolala jana. Kadhalika ni vyema mchana kupanda juu zaidi, kisha kushuka na kulala chini kidogo, ili mwili uonjeshwe uhaba wa hewa bila kuachwa ndani yake usiku kucha. Kanuni hiyo na iwe mizani yenu ya kupimia kila njia mtakayoelezwa na mawakala wa safari.

Njia ya Marangu, iliyo ya zamani kuliko nyingine na ya pekee yenye nyumba za kulala, humlaza msafiri siku ya kwanza Mandara, karibu mita 2,700, ikamlaza siku ya pili Horombo, karibu mita 3,700, na siku ya tatu Kibo, karibu mita 4,700. Toka Mandara kila siku humpandisha karibu mita 1,000, na mwenye kuipima kwa ile kanuni ataona mara moja kwamba mwendo huo ni mara mbili ya uliokubaliwa; kwa hiyo wanaoifuata Marangu wasikubali safari ya siku tano, bali waongeze usiku wa pili Horombo, na mchana wa siku hiyo wapande hadi miamba yenye milia ya weupe na weusi iitwayo Zebra, kisha warudi kulala. Njia ya Machame haina nyumba, ila mahema tu, na miinuko yake ni mikali zaidi, lakini ina fadhila moja kubwa: siku ya tatu humpandisha msafiri hadi mnara wa mawe ya volkano uitwao Lava Tower, kama mita 4,600, kisha humshusha alale Barranco, chini kwa zaidi ya mita 600. Itembeeni kwa siku saba wala si sita. Njia ya Lemosho, iingiayo kutoka magharibi na kukatiza uwanda wa Shira, huchukua siku saba au nane, na kwa kundi la marafiki wenye nguvu zisizolingana naipendekeza kuliko zote. Rongai, itokayo upande wa kaskazini karibu na mpaka wa Kenya, hupata mvua chache kuliko njia za kusini. Umbwe ni ya mkato na ya mwinuko mkali, na wanaoanza haiwafai.

Majira nayo yachaguliwe kwa hadhari. Masika, kuanzia Machi hadi Mei, huugeuza msitu kuwa matope, na juu huleta theluji inayofunika njia. Vuli ya Novemba na Disemba ni nyepesi zaidi, lakini si ya kudharauliwa. Miezi iliyo mizuri ni Januari na Februari, kisha kutoka mwisho wa Juni hadi Oktoba. Najua kwamba wapo wapendao kufika kileleni siku ya tarehe 9 Disemba, kwa kumbukumbu ya usiku ule wa mwaka 1961 ambapo Luteni Alexander Nyirenda alisimika juu ya mlima bendera ya Tanganyika huru na Mwenge wa Uhuru. Nia yao ina heshima kubwa, nami siwakatazi, ila wajiandae kwa mvua, wachukue makoti yasiyopenya maji, na wawe na siku ya akiba.

Kabla ya kununua chochote, kila mtu amwone daktari. Mwenye maradhi ya moyo au ya mapafu, mwenye shinikizo la damu lisilotulizwa, na mama mja mzito, wasiende bila ruhusa ya tabibu. Mgonjwa wa seli mundu asipande kabisa, kwa kuwa uhaba wa oksijeni ndio hasa unaoipinda damu yake. Na hata yule ambaye si mgonjwa, ila amerithi jeni ya ugonjwa huo kwa mzazi mmoja, aweza kupata madhara ya wengu akiwa juu, basi katika nchi zetu, ambamo wenye kurithi jeni hiyo ni wengi, kipimo cha damu ni jambo la busara kwa kila mmoja. Watokao pwani na kanda ya ziwa wapime pia malaria siku chache kabla ya kuondoka, maana maumivu ya kichwa, kichefuchefu na uchovu ni dalili zinazoshirikiwa na malaria na maradhi ya mwinuko, na mtu aliyepanda na vimelea mwilini huwatia wenzake katika mashaka ya kutojua wanapambana na adui yupi. Ipo dawa iitwayo asetazolamaidi, ambayo wengi huijua kwa jina la Diamox, inayousaidia mwili kuzoea upesi zaidi; ni dawa ya kuandikiwa na daktari, haifai kwa kila mtu, na haimpi aliyeimeza ruhusa ya kukimbia. Dawa za usingizi na pombe viachwe mjini, kwa sababu hupunguza pumzi za usiku wakati ambapo mwili unazihitaji mno. Mbege ya Uchagga itawangoja hadi mshuke.

Mazoezi yaanze miezi mitatu kabla. Hayahitaji chumba cha vyuma. Yahitaji miguu, ngazi na mfuko mgongoni. Tembeeni pamoja saa mbili au tatu mara kadhaa kwa juma, mpande ngazi za majumba marefu mkiwa na mzigo wa kilo saba au nane, na angalau mara mbili mwende milimani mkalale huko: Uluguru kwa wa Morogoro na Dar es Salaam, Usambara kwa wa Tanga, vilima vya Ngong na Mlima Longonot kwa wa Nairobi, na mwenye nafasi aupande kwanza Mlima Meru, unaozidi mita 4,500, utakaomfundisha mengi juu ya mwili wake. Faida ya matembezi hayo haiishii katika misuli. Humo mtajua nani hunyamaza anapoumwa, nani hukasirika anapochoka, nani husahau kunywa maji, na maarifa hayo yatawafaa juu kuliko mapaja yenye nguvu.

Katika mavazi, kanuni ni kuvaa nguo nyingi nyepesi zinazovaliwa moja juu ya nyingine, ili mtu avue na kuvaa kadiri hali ibadilikavyo, maana katika safari moja atapita msitu wenye joto na mbega juu ya miti, kisha vichaka vya baridi vyenye mimea mirefu ya ajabu isiyopatikana tambarare, kisha jangwa la mawe, kisha barafu. Karibu na ngozi pasivaliwe pamba, kwa sababu pamba huhifadhi jasho, na jasho lililopoa huiba joto la mwili. Ivaliwe sufu au kitambaa cha michezo kikaukacho upesi. Juu yake sweta nzito, kisha koti lililojazwa manyoya au pamba bandia, kisha koti la kuzuia upepo na mvua. Usiku wa kilele joto huweza kushuka chini ya sifuri kwa nyuzi 10, hata 20, kwa hiyo glavu mbili, moja ndani ya nyingine, na kofia ya kufunika masikio, si anasa. Viatu viwe vya kufunika kifundo cha mguu, na viwe vimekwisha valiwa majuma mengi. Kiatu kipya mlimani ni malengelenge ya hakika. Tochi ivaliwe kichwani, na betri za akiba zilazwe ndani ya mfuko wa kulalia, kwa kuwa baridi huzinyonya nguvu. Miwani ya jua na mafuta ya kukinga ngozi ni vya watu wa rangi zote, maana jua la juu huchoma na theluji hurudisha mwanga machoni. Asiye na uwezo wa kununua vitu vipya asivunjike moyo: makoti mazuri ya milimani hupatikana katika mitumba ya Moshi, na mifuko ya kulalia hukodishwa mjini humo humo, ila kila kilichokodiwa kikaguliwe zipu na mishono mchana, kabla ya siku ya kuondoka.

Maji yanywewe lita tatu hadi nne kila siku, kidogo kidogo, tangu asubuhi, bila kungoja kiu. Hamu ya chakula hupungua kadiri mtu apandavyo, na hapo ndipo mwenzi wa kumwangalia ana kazi: amhimize mwenziwe kunywa uji, supu, mtori na chai ya tangawizi yenye sukari, hata kama ni vijiko vichache, kwa sababu tumbo tupu huleta baridi, na baridi huleta kukata tamaa. Waislamu wanaopanda mwezi wa Ramadhani wakumbuke kwamba dini yenyewe imempa msafiri ruhusa ya kufungua na kulipa siku nyingine. Ruhusa hiyo ni rehema, na mlima ni mahali pa kuipokea.

Neno kubwa ni juu ya wapagazi. Hapana rafiki yeyote katika kundi lenu atakayefanya kazi ya kuwafikisha juu kuliko watu hawa, ambao hubeba hema, jiko, chakula na nguo zenu, hutangulia kambini ili mkute maji yamechemka, na huondoka nyuma yenu baada ya kukunja kila kitu. Mzigo wa mpagazi haupasi kuzidi kilo 20, na hupimwa langoni. Basi simameni penye mizani muone kwa macho yenu, wala msifiche mawe ya betri na chupa za ziada ndani ya mifuko. Ulizeni kabla ya kulipa kama kampuni inawapa wapagazi wake hema la kulala, chakula cha kutosha na ujira wa haki, na mkijibiwa kwa kuzungushwa, tafuteni kampuni nyingine. Bahashishi ikubaliwe mapema, itiwe katika bahasha, na siku ya mwisho kila mtu akabidhiwe fungu lake mkononi mbele ya wote, ili jasho la mdogo lisipotee katika mikono ya wakubwa. Waulizeni majina yao siku ya kwanza, na muwaite kwa majina hayo siku zote. Takataka zenu zote zirudi nanyi chini, na moto usiwashwe popote. Oktoba ya mwaka 2020 moto uliteketeza eneo kubwa la vichaka vya mlima huu, na mimea ya huko juu huchukua miaka mingi kurudi.

Sasa tufike kwenye dalili, ambazo kila msafiri azijue kwa moyo. Maumivu ya kichwa, kichefuchefu, kukosa hamu ya kula, kizunguzungu na usingizi wa kukatika ni dalili za mwanzo za maradhi ya mwinuko, na wengi huzipata kwa kiasi. Mwenye kuzipata asipande zaidi hata zimtoke, na zikizidi ashuke. Lakini yako maradhi mawili yasiyongoja asubuhi. Ya kwanza ni uvimbe wa ubongo: mtu huyumba, huchanganyikiwa, huongea yasiyo na maana, na akitakiwa kutembea juu ya mstari ulionyooka, kisigino mbele ya vidole, hawezi. Ya pili ni maji katika mapafu: mtu hukosa pumzi hata akiwa amekaa kitako, hukohoa, midomo na kucha hugeuka rangi, na pengine hutoa makohozi yenye povu la rangi ya waridi. Tiba ya kwanza ya yote mawili ni kushuka, saa ile ile, hata kama ni usiku, hata kama kilele kinaonekana. Oksijeni na dawa husaidia, lakini hazichukui nafasi ya kushuka. Na katika hali yoyote mgonjwa asiachwe peke yake. Uongo ulio mbaya kuliko wote mlimani ni neno "niko salama" linalosemwa na mtu asiye salama kwa kuogopa kuwachelewesha wenzake. Basi kila jioni, baada ya chakula, kila mmoja aulizwe na mwenzi wake, ajibu kweli, na jibu lake lipelekwe kwa kiongozi bila kupunguzwa.

Mwendo wa kundi uwe mwendo wa aliye mzito kuliko wote. Viongozi husema "pole pole" toka langoni hadi kileleni, na wengi hulitii neno hilo mdomoni huku miguu ikikimbia. Anayeweza kuzungumza sentensi nzima bila kutweta anakwenda sawasawa. Asiyeweza, anakwenda mbio. Mzito na awekwe mbele, nyuma ya kiongozi, asiwekwe mkiani, maana aliye mkiani huwakuta wenzake wamekwisha pumzika, nao huondoka yeye anapofika, hata mapumziko yakawa ya wenye nguvu na taabu ikawa ya mnyonge.

Usiku wa kilele huanza karibu na saa 6 za usiku, ili ardhi ya changarawe iwe bado imeganda na ili mchana utumike kwa kushuka. Ni saa sita au saba za giza, hatua fupi na pumzi nyingi. Hapa mapatano hujaribiwa, kwa hiyo yawe yamefanywa mapema: saa gani kundi litageuka hata kama halijafika, msaidizi gani wa kiongozi atashuka na atakayeugua, na kwamba atakayeshuka hatasemwa wala kuchekwa, leo wala baada ya miaka kumi. Wasaidizi wawe wa kutosha kiasi kwamba mmoja akishuka na mgonjwa, waliobaki wasikose wa kuwaongoza.

Wenye kudhani kwamba kurudi ni aibu na wasome habari za mwaka 1889. Hans Meyer wa Ujerumani, ambaye miaka miwili nyuma alikuwa amekwisha rudishwa na barafu ya mlima huu, alipanda tena pamoja na Ludwig Purtscheller wa Austria, wakisaidiwa na watu wa Uchagga na wapagazi wa pwani, miongoni mwao Mwini Amani wa Pangani, aliyekaa nao katika kambi ya juu iliyo baridi kuliko zote. Tarehe 3 Oktoba Meyer na Purtscheller walifika ukingo wa kasoko ya Kibo, wakakiona kilele mbele yao, na kwa kuwa saa na nguvu vilikuwa vimekwisha, waligeuka wakashuka. Walipumzika, wakapanda tena, na tarehe 6 Oktoba wakafika. Kama wangalishikilia kilele siku ile ya kwanza, yamkini historia ingaliandika majina yao kwa namna nyingine. Kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi, na aliyeshuka akiwa mzima anaweza kupanda mwaka ujao.

Wasafiri wakifika kileleni, wasikae juu kwa muda mrefu. Nusu saa yatosha kwa shukrani na picha. Watazame barafu iliyosalia, kwa maana zaidi ya sehemu 80 katika 100 za barafu iliyokuwapo mwaka 1912 zimekwisha potea, na vijana wa leo wataweza kuwasimulia wajukuu jambo ambalo hao hawataliona. Kisha washuke kwa hadhari, kucha za vidole zikiwa zimekatwa tangu mjini na kamba za viatu zimekazwa, maana magoti na vidole huumia zaidi katika kushuka, na mwili uliochoka hujikwaa kwa urahisi.

Basi, ndugu zangu, kabla hamjatoa shilingi ya kwanza, ketini pamoja na karatasi moja na kalamu. Andikeni njia na idadi ya siku, na jina la mwenzi wa kila mmoja. Andikeni saa ya kugeuka, bahashishi ya wapagazi, na ahadi kwamba neno la kiongozi ni la mwisho na kwamba mgonjwa atashushwa na hataachwa. Kila mtu aisome na kutia sahihi. Atakayesita kutia sahihi, mwombeni kwa upole abaki nyumbani mwaka huu. Na ninyi mliotia sahihi, nendeni polepole, mrudi wote.